Kopo la Mapichi

Jumapili ya mavuno, hapa Colne.
Mvua imelala juu ya vilima tangu Alhamisi
nasi tunapanga makopo mbele ya madhabahu:
maharagwe, supu, samaki wa mafuta,
boga la Bwana Clegg, zito kama mtoto wa kubatizwa,
na kopo la mapichi lenye bonde ubavuni
aliloleta Doreen Entwistle kwa mikono miwili
kana kwamba lingemwagika.

Mimi nilileta mchicha.
Niliupanda nyuma ya kanisa, penye matofali na chupa,
pale baraza linapopataka pawe maegesho ya magari.
Bwana Clegg aliutazama, akanitazama.
"Haya si magugu?"
"Ni magugu," nikamjibu, "mpaka uyatie kitunguu."

Katika kioo cha dirisha la mashariki
mwenye kiwanda amepiga magoti, ndevu zimechanwa,
na mto chini yake ni buluu isiyo na doa.
Doreen, aliyeingia kiwandani na miaka kumi na mitano,
alininong'oneza wakati wa matangazo:
"Siku ya nguo nyekundu mto ulikwenda mwekundu.
Siku ya kijani, kijani.
Samaki hatukuwajua.
Kioo kile ni kiongo, mpenzi,
lakini jua likikipitia, loo."

Kasisi Rushworth hakuhubiri sana.
Alisema nyasi za makaburini
mwakani pia zitaachwa mpaka ziangushe mbegu,
na asiyependa amwone yeye, asimwonee mkata nyasi.
Kisha, kwa sauti ileile ya kusomea majina ya wagonjwa,
akasoma barua aliyomwandikia mwenye nyumba fulani:
ukuta unaota kuvu,
watoto wanne, dawa za pumu mbili.
Watu wawili walitoka nje.
Mmoja alirudi. Alikuwa amesahau mwavuli.

Jumatano nafungua ukumbi saa nne asubuhi,
nimetoka zamu ya usiku,
mikono yanuka sabuni ya kuogeshea wazee wa watu.
Foleni imefika kwenye mawe ya makaburi.
Na wa saba, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
Doreen.

Sikusema. Hakusema.
Nikatia mfukoni mchele, chai, mkate,
mkono ukafika kwenye kopo lenye bonde
nikaurudisha kama aliyegusa jiko.
Nilikuwa namfichia aibu
ambayo wala hakuja nayo.

"Niwekee yale mapichi," akasema. "Nayajua. Ni mazuri."
Na alipoona uso wangu:
"Jumapili nilikuwa na hela, binti.
Tangu hapo mita ya gesi imekula."
Wa nane akacheka, wa tisa akacheka,
nami nikacheka, macho yakinichoma.
"Na yale majani yako?"
Nikampa fungu, nikamweleza:
kitunguu, nyanya, moto mdogo,
usiyapike mpaka yakafa.

Leo amerudi, na hakupanga foleni.
Ametoa kopo mkobani, tupu, limeoshwa,
bonde palepale,
matundu matano ya msumari kwenye kitako.
"Dirisha langu linatazama kaskazini. Yataota?"

Sijui. Huku jua huja kama mgeni
aliyeacha gari likinguruma nje.
Tumechota udongo pale panapotakiwa magari,
udongo wenye vigae, vipande vya chupa,
na nyungunyungu mmoja aliyechukia kuamshwa.
Nimemmiminia mbegu kiganjani,
nyeusi, ndogo kama nukta.

Bwana Clegg amesimama kwenye lango
na mashine yake ya nyasi, ameizima.
"Hizo," ameuliza, "zinatosha watu wangapi?"

Hatukumjibu.
Doreen amevaa miwani,
ameshaanza kuzihesabu.